Makro iandikwe na anayeifanya kazi

Nina msimamo ambao wakuu wengi wa ofisi hawaupendi: makro ya lahajedwali, yaani orodha ya hatua ambazo kompyuta huzirudia yenyewe kwenye programu kama Excel, isisubiri watu wa TEHAMA. Iandikwe na karani yule yule anayeifanya kazi hiyo kila siku.

Kazi ya kujirudia ina siri zake. Mtaalamu wa kompyuta akiambiwa "tunapokea orodha, tunaisafisha, tunatoa ripoti", ataandika programu ya mambo hayo matatu. Hataambiwa kwamba tarehe nyingine huja kama maandishi matupu, kwamba majina huja na nafasi mwishoni, kwamba idara fulani huacha mistari miwili mitupu juu ya vichwa. Hakuna anayemficha. Mikono imezoea kuyarekebisha hayo kimyakimya, na karani mwenyewe huyagundua pale anapolazimika kuyataja moja baada ya jingine ili kompyuta iyafuate.

Nyenzo anazo siku nyingi. Programu ya lahajedwali ya Lotus 1-2-3 ilikuja na makro mwaka 1983, Excel ikapata VBA, lugha ya kuandikia makro, mwaka 1993, na Google Sheets ikaongeza uwezo wa kurekodi makro mwaka 2018. Unaanza kurekodi, unafanya kazi yako kama kawaida, unasimamisha. Hatua zako zimeshaandikwa.

Wengi hukata tamaa muda mfupi baada ya hapo, na inaniuma, maana kikwazo chenyewe kinaondoleka. Excel inaporekodi hushika anwani za seli, yaani vile visanduku vya lahajedwali: B202 ni safu ya B, mstari wa 202. Nia yako haiijui. Tuseme ulirekodi ukiwa na mistari 200 ya malipo, jumla ukaiweka B202. Mwezi unaofuata malipo ni 340. Makro itajumlisha yale 200 ya kwanza, kisha itaandika jumla juu ya malipo halali yaliyokaa B202, bila onyo lolote. Kuna njia ya kulizuia hili: kabla ya kurekodi, igeuze orodha iwe jedwali rasmi (Table) la Excel, ili fomula itaje jina la safu badala ya anwani, na jumla yake iweke kwenye laha nyingine. Jedwali likirefuka, jumla inalifuata.

Ukimya huo ndio unaonitia hofu kuliko kosa lenyewe. Mwaka 2020 wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwa wakati katika hesabu za kila siku za Uingereza, kwa sababu mfumo uliojiendesha wenyewe ulikuwa ukipakia matokeo kwenye faili za Excel za muundo wa kizamani wa XLS, ambazo hazibebi zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje. Kwa hiyo makro yoyote ihesabu mistari iliyoingia na iliyotoka, na iseme zikitofautiana. Hata hivyo bado anahitajika mtu wa kuitazama jumla na kusema "hii ni ndogo mno", naye ni yule aliyekaa na takwimu hizo kwa miaka. Na iendeshwe kwenye nakala ya faili, kwa kuwa makro ya Excel ikishapita, Ctrl+Z ya kutengua haikurudishii kitu.

Wakuu hutaja usalama, na wana haki. Kirusi cha Melissa mwaka 1999 kilisafiri ndani ya makro ya Word na kujituma kwa anwani 50 za kwanza za barua pepe za kila aliyeambukizwa. Tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zinazotoka kwenye intaneti. Vizuri sana. Lakini hatari hiyo inatoka nje. Makro iliyoandikwa ndani ya ofisi, na mtu anayejulikana, ikatunzwa kwenye folda inayodhibitiwa, haistahili marufuku ile ile.

Hoja nzito zaidi ni ya urithi: karani akihama, nani ataielewa? Hapa sina huruma na anayeandika bila maelezo. Katika VBA, chochote kinachofuata alama ya ' kompyuta hukiruka, kwa hiyo nafasi ya kuandika sababu ipo kwenye kila mstari. Andika kwa nini unaanzia mstari wa 4. Andika ni idara gani huleta tarehe mbovu. Kisha, kabla mwandishi hajaenda likizo, mwenzake aiendeshe mwanzo hadi mwisho akiwa na maelezo hayo tu, na kila swali atakalouliza lijibiwe kwa kuandikwa humo humo.