Gari Lililopenda Viazi Karai

Mimi nakaa Mambrui, kazi yangu iko Malindi mjini. Jioni nikirudi, kabla sijafika daraja la Sabaki, kuna tuta. Na kando ya tuta, mkono wa kushoto, kuna mama na karai lake la viazi. Hatukuwa tukijuana, mpaka gari langu lilipoanza tabia.

Nikikanyaga breki, usukani unanipokonya na gari linakwenda kushoto kama mbuzi aliyeona majani. Siku ya kwanza lilisimama hatua mbili kutoka kwenye karai. Yule mama akaruka, mwiko juu. Ningesema nini? "Mama, nipe vya hamsini." Siku ya pili vilevile. Ya tatu, akiona taa zangu tu anaanza kufunga gazeti, ukwaju pembeni.

Nikaenda kwa fundi. "Linavuta kushoto? Basi ubaya uko kushoto." Nikaona amesema neno. Akapiga jeki: pedi za breki za kushoto zimelika, zimebaki nyembamba kama kaukau. Akaweka mpya. Za kulia akazichungulia, akazisifu. "Huku una bahati, mwalimu. Kama zimetoka dukani jana!"

Jioni, viazi vya hamsini.

Nikajaza upepo, matairi yote sawa. Viazi. Nikaenda kupima alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, shilingi 1,500. Viazi. Nyumbani mke wangu akaanza kuhesabu magazeti yenye mafuta.

"Huyu wa viazi, kila siku, ni nani yako?"

"Si mtu, ni breki."

"Ndilo jina lake, Breki?"

Siku ya 19 nilimpa lifti ami yangu, dereva wa malori mstaafu. Tutani gari likatupeleka karaini kama kawaida. Ami hata hakushika dashibodi. "Shuka. Pitisha kiganja karibu na magurudumu ya mbele. Karibu, nimesema, usi..."

Nilikuwa nishashika. Rimu ya kushoto ikaniramba vidole viwili, nikavichovya kwenye kitu cha kwanza nilichokiona, nacho kilikuwa bakuli la ukwaju. Mama alinilipisha bakuli zima. Gurudumu la kulia nalo lilikuwa baridi, kama halikusafiri nasi.

"Umeona?" ami akasema, anatafuna kiazi changu. "Kushoto ndiko kunakoshika. Kulia kumelala. Umempa dawa mzima, mgonjwa umemwacha kitandani."

Hapo ndipo nilipozikumbuka zile pedi zilizosifiwa. Miaka miwili barabarani na bado mpya! Kiatu kisicholika ni cha mtu asiyetembea, na mimi nililipa pesa kuambiwa nina bahati.

Kesho yake fundi akalegeza nati ya kutolea hewa kwenye kalipa ya kulia, kile chuma kinachobana pedi, nami nikakanyaga. Mafuta ya breki yakamruka mpaka kifuani. Kumbe hosi, ule mpira unaoleta mafuta, haijaziba. Kilichogoma ni pistoni inayosukuma pedi. Gari langu hulala nje, bahari inasikika, na mpira wa kuikinga pistoni ulikuwa umechanika siku nyingi. Chumvi ikaingia, kutu ikafuata. Ilipong'olewa kwa nyundo na matusi, ilikuwa ya kahawia kama kaimati iliyoungua. Tukaweka kalipa nyingine na pedi mpya pande zote mbili. Ami alisimama pale pale, mikono nyuma, fundi asije akaona upande wenye bahati tena. Hewa ikatolewa, kazi ikaisha.

Jioni nikakanyaga breki tutani. Gari likasimama limenyooka. Mama ameshafunga gazeti, ananitazama mdomo wazi. Nikampungia mkono, nikapita zangu.

Nyumbani mke wangu akanipokea mlangoni, akaangalia mikono mitupu.

"Viazi viko wapi?"

"Gari limepona."

"Kwani nimekuuliza gari?"

Nikageuza. Ukitoka Mambrui, karai liko mkono wa kulia, kwa hiyo ilibidi nikate usukani mwenyewe.