Mfalme George Kaachwa kwa Jirani

Mimi nilikuwepo. Naomba liandikwe hivyo. Nimetoka zamu ya usiku, macho mekundu, sijaoga, nimevuta kiti mpaka dirishani na pazia nimelisogeza pembeni, naikodolea macho barabara hapa Birmingham, Uingereza, namsubiri mtu wa posta. Chai nimeinywea palepale. Chooni sijaenda, na nyie wenye umri wangu mnajua hiyo ni sadaka ya kiasi gani. Mama Zuhura anapita, ananitazama, anatikisa kichwa, haulizi. Saa sita nanyanyuka kujinyoosha, nashusha macho chini ya tundu la barua, nakuta kadi: Pole, hukuwepo nyumbani.

Sikuwepo! Basi aliyekuwa anakohoa dirishani asubuhi nzima ni nani, jini?

Halafu chini yake: kifurushi chako tumemwachia jirani. Jirani yupi? Hapo pa kuandika namba ya nyumba pana mwandiko wa kuku. Inaweza kuwa 7, inaweza kuwa 11, inaweza kuwa sahihi ya waziri. Na humo ndani ya kifurushi mna mfalme.

Mimi ni mtu wa shaba. Wenzangu wamejenga Kigamboni, wengine wana viwanja Bagamoyo ambavyo vimeshauzwa kwa watu watatu tofauti na wao ni wa nne. Mimi nina sarafu za zamani za Waingereza, shaba tupu, kuanzia zile za Mfalme Charles II za 1672 alipoketishwa Britannia, yule mwanamke anayeiwakilisha nchi yao, kwenye nusu peni, mpaka 1860 walipoanza kuzitia bati na zinki. Hapo tukaagana kwa heshima, wao na bati lao, mimi na shaba yangu. Nanunua kwa posta kwa sababu ukienda dukani kwa muuza sarafu na koti la kazi lenye mistari inayowaka, anakufuata nyuma kila kabati unaloinamia. Posta haina dharau hiyo. Ina zake.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma. Hiki kipande ni peni mbili ya 1797. Kilipigwa hapahapa Birmingham, hapahapa Handsworth, kwenye kiwanda cha Matthew Boulton cha Soho, kwa mashine za mvuke. Nyumba aliyokuwa akiishi Boulton bado ipo, ni makumbusho, natoka kwangu naenda kwa miguu na viatu vya ndani. Pesa hiyo iliondoka hapa mtaa wa pili, ikazunguka Uingereza nzima kwa zaidi ya miaka 200, ikaangukia kwa mzee mmoja huko Cornwall, kule ambako mashine za Boulton na mwenzake Watt zilikuwa zikivuta maji kwenye migodi ya shaba. Mzee kaiweka mtandaoni, nimeilipia, kaitia kwenye bahasha, imesafiri usiku kucha mpaka nyumbani kwao ilikozaliwa. Imefika mlangoni, imeshindwa kuingia!

Na si mara ya kwanza kudhalilishwa. Iliyotangulia nililipishwa unene. Ndiyo, unene. Barua ya kawaida huku mwisho wake ni milimita 5, na peni mbili ya Boulton, iko uchi, haijavaa hata karatasi, ni milimita 5. Muuzaji kabandika stempu ya barua, posta wakapitisha kipimo, wakaizuia, wakanitumia kadi nikalipie tofauti pamoja na usumbufu. Usumbufu wa nani? Wao!

Wauzaji nao tuwaache. Picha ni ya kuvutia, maelezo yanasema imechakaa kidogo tu, unaletewa mfalme hana pua.

Kazini ndiyo usiseme. Kila mwenye peni 50 mfukoni ananifuata kwenye mapumziko niitazame kama ndiyo ile yenye bustani ya Kew Gardens ya 2009, eti zilitoka 210,000 tu. Namwambia hiyo si shaba, kaka, mimi hiyo siijui. Ananuna. Mwingine kaniletea kopo zima la peni za 1967, za marehemu babu yake, anataka kuacha kazi. Peni za 1967 ziko nyingi kuliko Waingereza wenyewe. Nikamshauri asiandike barua kwanza.

Basi nikavaa koti nikaanza kupiga hodi. Nyumba ya kwanza kakohoa mbwa. Ya pili mzee wa Kipunjabi akasema kifurushi hana, ila akanipa barua yangu ya benki ya mwaka jana, nikamshukuru. Ya tatu nikasita, maana nilijua nikiingia humo sitoki leo. Kwa Mama Furaha.

Mama Furaha ni mtu wa Bukavu. Roho yake haina mfano, mtaa mzima unaachiwa vifurushi kwake. Lakini kwake huwezi kusimama mlangoni ukadai kitu ukaondoka, na mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga hata nyumba ikiungua anaanza na habari za asubuhi.

"Karibu, Papa Zuhura! Ingia, ingia, baridi isiingie pamoja na weye."

"Ahsante, Mama Furaha. Habari za hapa?"

"Mungu anasaidia."

Nikauliza watoto. Nikauliza mzee. Nikauliza dada yake wa Goma, na mume wa dada, na yule mtoto wao aliyekuwa na pumu. Macho yangu yanatembea: juu ya meza hakuna, juu ya kabati hakuna, chini ya televisheni hakuna.

"Nilikuwa naulizia," nikasema kwa upole kabisa, "labda kuna kijifurushi kidogo..."

"Aa, ile koli yako! Iko kule jikoni, inanisaidia kazi."

Jamani, nilihisi damu inahama. Jikoni pana sufuria la sombe, kisamvu cha kwao, la kulisha harusi, linachemka. Kifuniko chake kimepinda. Na juu ya kifuniko, katikati, kwenye mvuke, kimelala kifurushi changu, kaki imeshalowa pembe zote na jina langu linachuruzika wino.

"Kifuniko ilikuwa inaruka-ruka," akanieleza, ametulia. "Nikasema, hii koli ya Papa Zuhura ni kidogo lakini iko na uzito. Acha ikae pale."

Mnajua mvuke unaifanyia nini shaba? Sarafu zangu zinalala kwenye bahasha za karatasi, na kila kiboksi nimekitilia vile vijifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nyumbani kwangu mtoto akinunuliwa raba, kijifuko ni changu, hilo limeshakuwa sheria. Ukungu wa kijani ukishaingia kwenye shaba hautoki tena. Nami hapa naiona peni mbili inafukizwa kwa majani ya muhogo na mawese.

Nikakinyakua. Kiliniunguza, nikakikumbatia hivyohivyo.

"Fungua basi tuone," akasema Mama Furaha. "Tangu asubuhi nalinda kitu sikijue?"

Alikuwa na haki. Nikafungua. Yule mzee wa Cornwall anafunga vitu kwa gundi ya karatasi tabaka juu ya tabaka, nadhani anaogopa isije ikatoroka. Mama Furaha akanipa kisu cha samaki, nikakikataa, nikatumia kucha. Ikatoka. Kavu! Mzee kaizungushia plastiki, Mungu amlipe. Mfalme George III na mashavu yake na majani kichwani, maandishi yamezama ndani ya ule ukingo mpana. Nikageuza: Britannia kakaa juu ya mwamba, tawi mkono mmoja, mkuki wa ncha tatu mkono mwingine, mawimbi miguuni, meli kwa mbali. Na ukingo haujapigika hata pahali pamoja. Wasiojua hawatanielewa: hizi sarafu ni nzito na pana, zilianguka, zilitupwa, ukingo wake karibu kila mara umebonyea. Hii haijabonyea. Nikasahau kupumua.

Mama Furaha akaipokea, akaipima mkononi.

"Hii ni franga?"

"Ni pesa, ndiyo. Peni mbili."

"Inauza nini?" Kwao kuuza ndiyo kununua.

"Hainunui kitu tena, mama. Ni ya kale."

"Na weye ulilipa ngapi?"

Nikakohoa. Nikatazama sombe. "Sitini," nikasema.

"Peni makumi sita?"

"Pauni."

Akaiweka mezani polepole. Akakaa. Akaniangalia anavyomwangalia mtu aliyetoka kuambiwa habari mbaya na daktari. "Papa Zuhura. Unatosha franga nzima, unanunua franga mufu?"

Nikajikaza. Nikaanza kumweleza kwa utulivu, na heshima yangu yote, kwamba thamani ya sarafu haitazamwi kwa inachonunua, kwamba Boulton alitaka kila peni iwe na shaba inayolingana na thamani yake ili wagushi washindwe, kwamba peni aliipa uzito wa aunsi moja na peni mbili aunsi mbili, ukipanga nane unapata ratili kamili, mwenye duka aweza kuzitia kwenye mizani akapimia sukari. Hapo nikajisikia nikinyamaza mwenyewe, kwa sababu Mama Furaha aligeuza shingo akatazama kifuniko cha sufuria, kisha akanitazama mimi.

"Basi niliiweka pahali pake," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Nawaambieni ukweli, sikuwa nalo.

Akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na Biblia. Nikadhani anataka kuniombea. Kumbe katikati ya Zaburi kuna noti. Mobutu na kofia yake ya chui, zaire milioni 5, ya 1992.

"Hii ni milioni tano," akasema. "Yako ni mbili. Unanipa ngapi?"

"Mama Furaha, haziendi hivyo."

"Zinaenda namna gani? Yangu ni franga mufu, yako ni franga mufu. Yangu ni milioni tano. Na Bukavu tuliacha sanduku muzima. Ningejua kuna muntu wa kuuza franga mufu, ningebeba ile sanduku, niache manguo."

"Lakini hii ni shaba! Ni ya 1797! Imepigwa kwa mvuke!"

"Na leo imepigwa mvuke tena."

Nikapandisha sauti. Nasema mimi, mtu wa Tanga, ndani ya nyumba ya watu, nikapandisha sauti juu ya aloi na mizani na heshima ya Mfalme George. Kijana wake mdogo akaja mbio kutoka juu kuona kuna nini. Akaichukua, akaigeuza, akaniuliza kwa adabu: "Anko, hii inaingia kwenye tundu la sarafu la troli ya sokoni?"

Wakati namjibu huyo, mama yake ameshakata ndimu. "Lakini iko chafu, Papa Zuhura. Leta niipige ndimu na munyu, itangaa kama ya jana."

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Ile rangi ya kahawia ndiyo ngozi yake, imeota miaka na miaka; uisugue na ndimu inabaki nyekundu, tupu, na kila mnunuzi atakayeitazama atakurudishia bila kusema neno. Ndimu ile ikabaki mkononi mwake, ikitiririka. Akaona ameniudhi. Na kwao mtu akiudhika dawa yake ni moja. Nikawekewa sahani.

Nilikula. Bugali na sombe na samaki mkavu, sarafu iko mfuko wa shati, kitufe kimefungwa. Mtanisema, lakini lile sombe lilikuwa limeiva kisawasawa. Nikaongezwa. Nikabebeshwa jingine kwenye kopo la aiskrimu nimpelekee Mama Zuhura, kopo lirudi.

Mama Zuhura akauliza kifurushi kimechukua jioni nzima, kilikuwa kimeachwa Kongo?

Sijakaa vizuri, simu. Mpwa wangu wa Tanga. Huyu kila akipiga sauti iko chini, amejificha mahali. "Mjomba, ile habari yako ya pesa za zamani. Kuna mzee Lushoto ana pesa ya Mjerumani, na kuna tajiri anaitafuta kwa milioni mia. Nitumie nauli tu nikaichukue." Nikamwambia kwanza picha. Hana chaji. Nikamtumia nauli, makato ya kutuma mnayajua wenyewe, siku ya pili picha ikaja: senti kumi yenye tundu, ya Afrika Mashariki, ya Mfalme George VI, bibi yangu alikuwa nazo kwenye mkebe wa tambuu. Nikamjibu hiyo ni ya Mwingereza na wala si shaba tupu. Akauliza tajiri atajuaje. Akaomba ya kurudia Tanga.

Jana katuma nyingine. Kizibo cha soda, kimekanyagwa na gari mpaka kimekuwa bapa. Kakizungushia duara jekundu, chini kaandika: Mjomba, na hii je?