Baraka baada ya kushiba: amri ya Torati au utunzi wa marabi?

Katika nyumba nyingi za Kikristo huku kwetu, chakula huombewa kabla hakijaguswa. Watu wakishakula hunawa mikono na kuendelea na shughuli zao. Sheria ya Kiyahudi imeweka uzito upande wa pili. Baraka ya kabla ya kula ipo na inashikwa kwa makini, lakini marabi wenyewe, yaani walimu wa sheria hiyo, wanakubali kwamba haina amri ya wazi katika Torati. Inayohesabiwa kuwa amri ya Mungu ni ile inayosomwa watu wakiwa wameshakula mkate wakashiba, Birkat Hamazon. Msingi wake ni mstari mmoja, Kumbukumbu la Torati 8:10, unaosema kwamba utakula, utashiba, nawe utamhimidi Bwana Mungu wako kwa nchi nzuri aliyokupa.

Birkat Hamazon si sala fupi. Ina baraka nne: ya kwanza humshukuru Mungu anayeulisha ulimwengu wote, ya pili hushukuru kwa nchi, kwa agano na kwa Torati, ya tatu huomba rehema juu ya Yerusalemu, ya nne humtaja Mungu aliye mwema na atendaye mema. Je, mstari mmoja unaweza kubeba yote hayo?

Marabi wa kale wanajibu kwamba unaweza. Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mijadala yao juu ya sheria, kitabu cha Berakhot, ukurasa wa 48b, mstari umechambuliwa kipande kwa kipande. “Utamhimidi” ni baraka ya chakula. “Kwa nchi” ni baraka ya pili. “Nzuri” ni Yerusalemu, kwa sababu mahali pengine Musa aliomba auone “mlima ule mzuri”. “Aliyokupa” ni baraka ya nne. Kwa usomaji huu hakuna hata neno linalokaa bure.

Msomaji anayefuata maana ya kawaida ya maandiko ana haki ya kusita. Musa anazungumza na watu ambao hawajavuka Yordani. Anawasimulia nchi ya ngano na shayiri, ya mizabibu, mitini na mikomamanga, ya mafuta ya zeituni na asali, mahali watakapokula mkate bila uhaba. Maneno “utakula, utashiba, utamhimidi” yanaweza kusomwa kama sehemu ya masimulizi hayo, yaani mkifika huko mambo yatakuwa hivi. Hapakutajwa maneno ya kusema wala idadi ya baraka. Hoja ya Yerusalemu ndiyo dhaifu kuliko zote, maana mji huo hautajwi kwa jina hilo popote katika vitabu vitano vya Musa. Anayeuona Yerusalemu ndani ya neno “nzuri” ameingia na Yerusalemu moyoni tayari.

Talmudi yenyewe haifichi jambo hili. Ukurasa uleule unaleta maelezo mengine ya Rav Nahman, mmoja wa marabi hao, nayo ni ya kihistoria. Musa aliweka baraka ya kwanza mana iliposhuka. Yoshua aliweka ya pili walipoingia katika nchi. Daudi na Sulemani waliweka ya tatu. Ya nne iliwekwa na marabi katika mji wa Yavne kwa ajili ya waliouawa Beitar, ngome ya mwisho ya uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba, iliyoangukia mikononi mwa Warumi mwaka 135. Miili ilikaa muda mrefu bila kuzikwa. Kibali kilipopatikana, marabi walisema Mungu ni mwema kwa kuwa miili haikuoza, na anatenda mema kwa kuwa ilizikwa. Kwa hiyo sehemu ya shukrani ya mezani ilizaliwa na msiba wa vita, na wanaokula mkate leo bado wanaitamka.

Kuna ushahidi mwingine naupenda zaidi, kwa sababu unatoka kwa watu wa kazi. Vibarua waliokula wakiwa kazini waliruhusiwa kufupisha, ili wasile muda wa mwenye kazi. Walisoma baraka ya kwanza kamili, wakaunganisha ya pili na ya tatu, wakaiacha ya nne kabisa. Mwajiri akiketi kula pamoja nao, walisoma zote nne. Kutokana na desturi hiyo Rav Yosef, rabi mwingine wa Talmudi, alitoa hukumu kwamba baraka ya nne haitoki katika Torati, kwani ingetoka huko vibarua wasingeiacha.

Kwa maoni yangu, basi, kuugawa mstari katika vipande vinne ni kazi iliyofanywa baadaye, baraka zikiwa tayari midomoni mwa watu. Hata hivyo silioni hilo kuwa pigo kwa amri yenyewe. Wanaosema marabi walitunga kila kitu wamesoma mstari wa 10 wakaishia hapo. Endelea na sura. Mstari wa 11 unaonya: jihadhari usije ukamsahau Bwana. Wa 12 unarudia maneno yaleyale, utakapokula na kushiba, kisha unaongeza nyumba nzuri, na wa 13 unaongeza mifugo iliyozidi, fedha na dhahabu. Wa 14 unaitaja hatari kwa jina, moyo kuinuka. Wa 17 unamnukuu mtu aliyekwisha kusahau: nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndivyo vilivyonipatia utajiri huu. Sura nzima inamwogopa mtu aliyeshiba. Mwenye njaa hahitaji kukumbushwa aombe. Mstari wa 10 umewekwa mahali hasa ambapo usahaulifu huanzia, na mbele ya onyo kali kiasi hicho ni vigumu kuusoma kama utabiri tu.

Inaelekea wengine waliusoma hivyo zamani sana. Kati ya maandiko ya kale yaliyopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kuna nakala ya Kumbukumbu la Torati ambamo aya za 8:5–10 zimenakiliwa peke yake, kabla ya sura ya 5, jambo ambalo baadhi ya wataalamu wanalihusisha na matumizi ya ibada. Na Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, una sala ya shukrani ya kusomwa “baada ya kushiba”. Nahmanides, rabi wa karne ya 13, aliweka mpaka ninaouona kuwa wa haki: wajibu umetoka katika Torati, maneno yamepangwa na marabi.

Kipimo nacho kina mvutano wake. Torati inasema ushibe. Marabi wakabishana: Rabi Meir akasema baraka inapasa hata kwa mkate wa ukubwa wa zeituni, Rabi Yehuda akasema wa ukubwa wa yai. Talmudi inasimulia kwamba malaika walimuuliza Mungu kwa nini anawapendelea Israeli. Akajibu: nisiwapendeleeje, ilhali niliwaandikia wale, washibe na kuhimidi, nao wamejibana hadi kiasi cha zeituni na yai? Mtu anaweza kupinga kwamba kama hatari iko katika shibe, kipande kidogo hakina hatari yoyote, na amri imepoteza makali yake. Pingamizi hilo lina nguvu. Lakini namfikiria maskini ambaye mkate wake haufiki kushibisha. Kwa andiko peke yake, meza yake isingekuwa na wajibu wa baraka. Marabi walimpa nafasi sawa na tajiri.

Baraka ya kabla ya kula ilitafutiwa mzizi pia. Walijaribu hoja ya kwamba kama aliyeshiba anahimidi, mwenye njaa anapaswa zaidi. Talmudi iliipima hoja hiyo pamoja na nyingine, ikaziona hazitoshi, ikaishia kwenye akili ya kawaida, kwamba haifai mtu afaidi ulimwengu huu bila baraka.

Lililobaki gumu kuliko yote ni yale maneno “kwa nchi nzuri aliyokupa”. Katika Talmudi, rabi Ravina alimuuliza rabi Rava kama wajibu wa wanawake katika Birkat Hamazon umetoka katika Torati au kwa marabi. Rashi, mfafanuzi maarufu wa Talmudi, anaeleza chanzo cha shaka hiyo: nchi haikugawiwa wanawake iwe urithi wao, basi watasemaje “aliyokupa”? Hapo kushikilia herufi kunaelekea kumnyima mtu shukrani yake kwa sababu alinyimwa ardhi, na nadhani sura ya 8 haikukusudia hivyo. Chakula kinachoshibisha ni kilekile, na moyo unaoweza kusahau ni uleule. Isitoshe, mabinti wa Selofehadi walidai sehemu ya baba yao, na katika Hesabu 27 Mungu akasema dai lao ni la haki. Talmudi haikulikata swali hilo. Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliliandika kama shaka iliyobaki wazi, na wanawake Wayahudi wanaoshika sheria wanaisoma Birkat Hamazon, pamoja na baraka ya nchi.