Kabla hujasema ni nini, sema ni wapi

Juzi nilikuwa kwenye kivuko cha Kamanga narudi Mwanza mjini, pembeni yangu kakaa dogo mmoja mwaka wa nne udaktari, kashika karatasi imejaa majina ya neva 12 za kichwa, anakariri neuro, somo la ubongo, uti wa mgongo na neva, midomo inacheza. Tukasalimiana, tukaanza kupiga stori, akaniambia neno ambalo mpaka leo limenikaa kooni: "Dokta, neuro mi nakariri nipite tu, nikishapita basi. Nitapangiwa kisiwani huko, hakuna MRI, hakuna bingwa, itanisaidia nini?"

Nilikasirika jamani. Sio yeye aliyenikasirisha, ni hii imani ambayo nimeikuta kwa kila kundi la wanafunzi tangu niko chuoni, kwamba neuro ni somo la watu wenye mashine. Ni kinyume kabisa! Mwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya ubongo na uti, hata akikosea kupima, picha inaweza kumwokoa. Wewe uliyeko kisiwani una pini, pamba, nyundo na mdomo wa kuuliza, usipojua kuvitumia mgonjwa wako ndo hana mtu.

Tatizo sio la kwetu tu. Mwaka 1994 daktari wa Marekani, Ralph Jozefowicz, aliipa hofu hii jina kabisa, nyurofobia, na akaeleza kuwa mwanafunzi anashindwa kuchukua sayansi aliyosoma darasani na kuifikisha kwa mgonjwa. Zaidi ya miaka 30 imepita na dogo bado anakariri neva kwenye kivuko.

Sasa nikamsimulia kisa ambacho ndo kilinifundisha mimi neuro. Nilikuwa mwanafunzi, tukalaza kijana mvuvi wa dagaa, miguu imeisha nguvu, mkojo umeziba, katoka sehemu ambayo alitibiwa UTI wiki tatu nzima bila mtu kumwambia hata asimame wamuone. Kwenye raundi konsaltanti, daktari bingwa aliyetuongoza, akauliza: "Lizioni iko wapi?", yaani palipoumia ni wapi. Mwenzetu akajibu fasta, "TB ya uti wa mgongo, dokta." Mzee akasema, "Sijauliza ni nini. Nimeuliza ni wapi." Kimya. Mwingine akasema tusubiri picha.

Yule mzee hakugomba. Akavunja kijiti cha pamba, akamwambia kijana afumbe macho aseme akihisi kinachoma, akaanza nyayoni kupanda taratibu. Nyayo, ganzi. Nyuma ya mapaja, ganzi. Makalio na sehemu yote inayokalia tandiko la baiskeli, ganzi. Kitovuni kijana akashtuka, anahisi vizuri kabisa. Akagonga vifundo vya miguu kwa nyundo, hakuna kitu, mguu hauruki. Mikono mizima, uso mzima, anaongea vizuri. "Ubongo toeni. Shingo toeni. Kifua toeni. Kimebaki nini?" Na mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya wenzangu nikaona jibu mwenyewe: huku chini, mwisho wa uti, ambapo kwa mtu mzima unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sikuwa nimekariri, nimeliona!

Baada ya hapo ndo akamuuliza kazi. Dagaa. Majini unaingia? Kila siku, kusukuma mtumbwi, tangu mtoto. Kichocho. Sisi watu wa ziwani tunakijua cha tumbo na ini, lakini mayai yake yanaweza kupita kwenye vena zisizo na vali zinazouzunguka uti wa mgongo yakakwama kule chini, mwili ukavimba kuyapinga na uti ukaumia. Dawa zake steroidi za kushusha uvimbe na prazikwanteli ya kuua kichocho, yaani sio vitu vya kuagiza ng'ambo.

Halafu vuka uende upande wa Mara. Mwaka 1985 kwenye ukame watu walikula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vya kutosha, sumu ya sianidi ikabaki, wakapata konzo, ugonjwa wa kupooza miguu. Malalamiko ni yaleyale, dokta miguu haina nguvu, miguu yote miwili. Ila ukimpima huyu refleksi, ule mruko wa mguu ukigongwa nyundo, zinaruka juu, miguu imekakamaa, ukikwangua unyayo dole gumba linapanda, ile alama aliyoieleza daktari Mfaransa Babinski mwaka 1896, na pini anaihisi, mkojo hauna shida. Kwa hiyo kilichoguswa ni njia ya kuamrisha misuli peke yake, ya hisia imepona. Watu wawili wa ziwa moja, sentensi moja, na kilichowatofautisha ni nyundo na kijiti. Niambie hapo MRI ilihitajika wapi.

Ukishajua wapi, uliza ilianza kwa kasi gani. Ghafla anakunywa chai, fikiria mishipa ya damu. Siku kadhaa, maambukizi au kinga ya mwili. Miezi, kitu kinachokua. Sio sheria ya Musa, ila inakusogeza mbele sana.

Nakubali, kuna vitu lazima vikae kichwani. Hisia za usawa wa chuchu ni neva ya nne ya kifua, T4, kitovu ni ya kumi, T10, hizo hukwepi. Na MRI tunaitaka, tuendelee kuidai. Lakini shika hizo ukiwa umemshika mgonjwa. Ukiona uso umepinda, mwambie akunje kipaji cha uso: kikikunjika sawa pande zote fikiria ubongo, maana kipaji kinapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, upande mmoja ukigoma kabisa fikiria neva yenyewe ya uso. Ukishaliona hilo mara moja kwa mama aliyelazwa wodini, hulisahau mpaka unastaafu.

Na jioni hosteli gongeni magoti ya wenzenu, kumi, ishirini, wazima wote. Mtu asiyejua refleksi nzima ikoje atajuaje iliyopotea? Usiku soma kuhusu mgonjwa uliyemshika mchana, mmoja tu, chora njia zake kwa mkono wako.

Tulipokaribia kutia nanga dogo alikuwa kashakunja ile karatasi yake. Akaniuliza, "Yule kijana wa dagaa, alitembea?"

Nikamwambia alitembea, kwa fimbo, baada ya miezi. Katheta, ule mpira wa mkojo, aliondoka nayo.