Barua Iliyokataa Kufa

Msiniulize kwa nini nimeandika barua enzi hizi. Binamu yangu wa Manyoni ana laki tisa zangu, na ameshanibloku kila namba ninayopigia, mpaka ya jirani. Nikasema sawa, bloku na hii basi. Nikanunua bahasha ya kaki na stempu, nikamwaga sumu kurasa mbili.

Kilichoniponza ni shule. Mwalimu wetu alitufundisha kwa fimbo: nyuma ya bahasha, anwani ya mtumaji. Sasa mimi wa Nkuhungu sanduku la posta nalitoa wapi? Nyumba yangu ina namba, tangu 2022 walipopita na anwani za makazi, kibao kipo ukutani, mbuzi wa jirani wanajikunia pale. Ila barua zangu zote zinapitia sanduku la baba mkwe. Ukoo mzima tumo humo. Ufunguo anao yeye, shingoni, kwenye kamba ya kiatu.

Kumbe binamu kahama. Wiki ya saba barua ikarudi, imechorwa kwa kalamu nyekundu: HAJULIKANI.

Wenzetu wamejipanga. Marekani walifungua ofisi ya barua zilizokufa, zile zisizoweza kufika wala kurudi, tangu 1825. Siku hizi zinapelekwa Atlanta, na za Uingereza Belfast. Huko anaifungua mtu mwenye ruhusa, asiyekujua wewe wala shangazi yako, anatafuta anwani ndani. Akiikosa, na hamna cha thamani, inateketezwa. Raha iliyoje! Yangu ingefia Belfast ningeiwekea matanga.

Yangu ilifunguliwa na mzee. Jumapili nimekaa mlangoni namenya karanga, namwona anakokota baiskeli, miwani tayari usoni. Akaomba maji. Akanywa kikombe chote. Akatoa bahasha kwenye koti, akaanza kusoma kwa sauti, mke wangu kasimama na ungo wake hapo:

"'Rudisha hela, mtu mbaya wewe. Mzee nimemwambia wale ng'ombe wawili wa mahari waliobaki wamekufa kwa ukame, kumbe niliwauza nikakukopesha wewe...'"

Ungo ukatua chini. Mzee akaikunja barua taratibu, kwenye mikunjo yake ileile.

"Mkwe, una mwandiko mzuri. Hata mkato unaweka."

Nikasema, asante baba.

"Sasa hao marehemu nawafuata Jumamosi. Wafufuke na kamba zao."