Wasiwasi na tiba za nyumbani: tumeweka pumzi na vidonge vya mitishamba kapu moja

Mtu akisema tu kwamba halali, moyo unamwenda mbio, kichwa hakitulii na hata hajui anaogopa nini, hapo hapo wanajitokeza washauri wa aina mbili. Wa kwanza anamwambia acha mambo ya kienyeji, huo ni ugonjwa, nenda kamuone daktari. Wa pili anamwambia ole wako uguse hivyo vidonge utakuwa teja, chemsha majani haya unywe asubuhi na jioni, wiki moja tu umepona. Na mwenye wasiwasi wake anabaki katikati, sasa anao mwingine wa ziada, wa kuogopa kuchagua vibaya.

Nimewasikiliza wote wawili muda mrefu na kiukweli naona wanagombana juu ya neno. Ukisema "tiba za nyumbani" mtu anarundika pamoja kopo la vidonge vya mitishamba lenye lebo ya jani, chai ya maua, mazoezi, kupumua taratibu, kupunguza kahawa, kulala mapema, kuandika mawazo kwenye daftari. Hivi vitu havifanani hata kidogo. Vile vya kumeza ni dawa kama dawa nyingine, tofauti ni kwamba mara nyingi havijapimwa sawasawa. Vilivyobaki ni kazi, yaani kazi kweli kweli, unaifanya leo na kesho na keshokutwa na wakati mwingine unatoka jasho. Sasa mtu akitapeliwa na kopo moja anavikataa vyote, na akisaidiwa na kimoja anaviamini vyote mpaka makopo.

Upande wa wanaosema nenda hospitali una hoja na sitaki kuipita. Wasiwasi una tabia ya kufanana na magonjwa mengine. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi utatetemeka mikono, utatoka jasho, moyo utadunda, usingizi utakimbia, na ukielezea kwa mdomo kila atakayekusikia atasema huyu ana mawazo. Upungufu wa damu unaweza ukakudanganya hivyo hivyo, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio pia, hata baadhi ya dawa za pumu zinaufanya moyo ukimbie. Mtu anaweza akanywa chai ya maua mwaka mzima kumbe shida iko kwenye tezi.

Kuna na ile ya mfuko wa karatasi, wengi mmeiona kwenye filamu, mtu anahema haraka haraka kwa hofu anapewa mfuko apumulie humo. Mwaka 1989 daktari wa dharura Mmarekani, Michael Callaham, aliandika kuhusu wagonjwa watatu waliokufa baada ya kufanyiwa hivyo, ilidhaniwa ni hofu tu kumbe miili yao tayari ilikuwa na upungufu wa oksijeni, na mfuko ukawapunguzia zaidi. Ila hapa niseme kidogo, mfuko ule haukuwa wa bibi kijijini peke yake, wahudumu wa afya nao waliutumia miaka na miaka. Hivyo kosa la kumdhania mtu ana wasiwasi tu halikai nyumbani pekee.

Halafu kuna neno "asili", neno tamu sana kwenye lebo. Mmea wa St. John's wort unaouzwa kama kitulizo cha mawazo, mwaka 2000 ulipimwa kwa watu wenye afya njema waliopewa indinavir, dawa ya VVU, ikaonekana kiwango cha dawa hiyo kwenye damu kimeshuka kwa asilimia 57. Zaidi ya nusu imepotea kwa sababu ya jani! Mmea huo huo unapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na ukichanganywa na dawa za sonona unaweza ukaleta hatari kubwa. Kava nayo, mmea mwingine unaouzwa kama kitulizo, Ujerumani waliiondoa sokoni 2002 kwa hofu kwamba inadhuru ini, baadaye mahakama ikatengua, halafu jaribio la Australia lililotoka 2020 likaipima wiki 16 kwa watu 171 wenye wasiwasi uliopitiliza na haikukishinda kidonge kisicho na dawa ndani. Kwa hiyo kwenye makopo mimi niko na daktari kwa asilimia kubwa.

Lakini.

Kuna namba moja hainiachi na nikiisema watu wanaipita kama vile nimetaja hali ya hewa. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi, kama asilimia 4 ya binadamu wote, na kati ya wanaohitaji matibabu ni asilimia 27.6 tu wanaopata matibabu yoyote. Soma hilo neno "yoyote" tena. Hawajasema matibabu bora, hawajasema daktari bingwa na tiba ya mazungumzo kila wiki, wamesema yoyote. Ni kama mmoja katika kila wanne. Sasa ukisimama ukasema "usijitibu nyumbani, muone mtaalamu" unaongea na huyo mmoja. Wale watatu hawakusikii, mwingine mtaalamu hayupo kabisa alipo, mwingine foleni ni ya miezi, mwingine hela hana, mwingine anaona aibu, na mwingine wala hajui kama huu ni ugonjwa unaotibika, anajua tu yeye ni mwoga tangu utotoni.

Kwa hao watatu swali la "pumzi au mtaalamu?" halipo. Lililopo ni pumzi au hakuna kitu. Na mara nyingi hata hiyo "hakuna kitu" si kweli kwa sababu mtu hakai na roho juu usiku kucha bila kutafuta pa kujishikiza, atatafuta pombe. Tukiwa wakweli pombe ndo tiba ya nyumbani ya wasiwasi iliyozoeleka kuliko zote na hakuna anayeiita hivyo, inakutuliza saa mbili tatu halafu ikianza kutoka mwilini inakurudishia wasiwasi ukiwa mkubwa zaidi, unaamka usiku wa manane moyo uko kooni, na kesho unahitaji tena. Ukimcheka anayepumua taratibu kitandani mwake ujue unamcheka aliyekwepa hilo.

Na kupumua wala si imani. Kila ukivuta hewa moyo unaongeza kasi kidogo, ukiitoa unapunguza, ipo kwenye mwili wa kila mtu. Ukirefusha kule kutoa unaupa moyo muda zaidi wa kwenda polepole, ni mitambo ya mwili tu. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walichapisha jaribio la dakika 5 kwa siku kwa mwezi mmoja. Kundi moja lilikuwa linavuta hewa kwa pua, kabla halijatoa linaongezea kidogo juu yake, halafu linaitoa yote taratibu kwa mdomo. Wengine walipewa mitindo mingine ya kupumua, wengine kutafakari, yaani kukaa kimya na kuifuatilia pumzi yako bila kuibadilisha. Kundi la kutoa pumzi ndefu ndo lilipata hisia nzuri zaidi, ila wasiwasi wenyewe ulipungua kwa makundi yote karibu sawa, na hakukuwa na kundi lililokaa bure bila kufanya chochote ili tulinganishe. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka kuona jaribio hili likitangazwa kama muujiza. Ni ushahidi mdogo ila mzuri, kwa kitu ambacho hakina gharama wala hakigusi ini lako.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka 2022. Watu wazima 276 waliothibitishwa kuwa na ugonjwa wa wasiwasi waligawanywa, nusu wakapewa escitalopram, dawa ya hospitali inayojulikana na inayofanya kazi, nusu wakapewa wiki nane za mafunzo ya kutafakari ya mtindo ulioanzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979. Kwenye kipimo cha ukali wa ugonjwa kinachoanzia 1 hadi 7 wa dawa walishuka 1.43, wa kutafakari 1.35. Yaani wamepishana unywele. Upande wa dawa asilimia 78.6 walipata angalau adha moja iliyohusishwa na tiba, upande wa pili asilimia 15.4.

Hapo watu wa majani wanashangilia, subirini kwanza. Hao wa kutafakari walikuwa na mwalimu, darasa la saa mbili na nusu kila wiki, na nyumbani dakika 45 kila siku. Kila siku! Mimi nilijaribu hizo 45 na siku ya nne nilikuwa nimelala kwenye kiti mdomo wazi. Kwa hiyo anayekuambia "tafakari tu kidogo utakuwa sawa" naye anakudanganya, maana kilichofanana na dawa ni dozi kamili na si kile unachokumbuka ukiwa umeshazidiwa. Na wapo watu, si wachache, ambao wakikaa kimya wasikilize pumzi yao ndo wasiwasi unapanda. Kwao kutembea haraka haraka kunafaa kuliko kukaa. Mazoezi yana kitu kimoja ambacho hakisemwi sana, yanakufanya moyo udunde na pumzi ikukate halafu usife. Mtu ambaye kila moyo ukikimbia anadhani anakufa, huo mlima aliopanda akafika juu akiwa mzima unamfundisha kitu ambacho maneno hayamfundishi.

Hoja ya wapinzani ninayoiheshimu kuliko zote si ya ini wala ya tezi, ni ya wanasaikolojia. Wanasema wasiwasi unalishwa na kukimbia, na chochote unachokishika ili usihisi hofu kinaweza kikawa ni njia nyingine ya kukimbia. Mtu anayeshindwa kutoka nje bila kichupa chake cha mafuta ya lavenda, akifika salama anakishukuru kichupa, hajifunzi kwamba angefika hata bila hicho. Hii ni kweli na nimeiona. Ila mbona nimeiona pia kwa mtu anayetembea na kidonge cha hospitali mfukoni, hakimezi miezi sita, akikisahau tu anarudi nyumbani mbio? Ugonjwa uko kwenye namna ya kushika, kilichoshikwa kikawa cha dukani au cha duka la dawa ni yale yale.

Na nikiangalia tiba yenyewe ya mazungumzo, ile ambayo wataalamu wanaitanguliza, sehemu kubwa yake ni kazi za kufanya nyumbani. Saa moja kwa wiki na mshauri, zilizobaki 167 uko mwenyewe. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliwapa wanafunzi wa chuo zoezi moja la ajabu, tenga nusu saa kila siku, mahali pale pale na muda ule ule, hapo ndo uwe na wasiwasi wote unaoutaka, ukija nje ya hapo uambie subiri muda wako. Baada ya wiki nne wasiwasi wao wa siku nzima ulikuwa umepungua. Sasa hiyo ni tiba ya hospitali au ya nyumbani? Imetoka maabara, inafanyika kwenye stuli ya jikoni.

Sijasema mtu asiyetoka ndani wiki ya tatu, au anayewaza kujiua, apewe daftari na stuli. Huyo apelekwe kwa mtaalamu leo, na kama ameandikiwa dawa asiiache ghafla kwa sababu kasoma uchambuzi wa mtu. Nasema tu kwamba tunayaona yale yasiyouzwa kama ndo ya kitoto, kwa sababu hayana lebo na hakuna anayepata faida ukiyafanya.

Kahawa ndo mfano ninaoupenda. Mwaka 2022 tafiti tisa zilikusanywa pamoja, watu wenye ugonjwa wa kushikwa na hofu ya ghafla walipewa kafeini ya kama vikombe vitano, asilimia 51 walishikwa na hofu hiyo. Kwa watu wasio na ugonjwa ni asilimia 1.7, na waliopewa kitu kisicho na kafeini hakushikwa hata mmoja. Sisemi kahawa ndo inaleta ugonjwa, nasema kwa aliye nao ni petroli.

Mimi kipindi changu kibaya nilipimwa vizuri tu, tezi, damu, moyo, majibu yote safi, nikapewa na karatasi ya kumuona mtaalamu baada ya miezi miwili. Nashukuru kwa vile vipimo, vilinitoa kifo kichwani. Ila katika wote walionihudumia hakuna aliyeniuliza nakunywa kahawa vikombe vingapi kwa siku. Vilikuwa sita, cha mwisho saa mbili usiku.