Ted "Kid" Lewis na mabondia wetu wazee

Ukitoka Brick Lane, mashariki mwa London, ukaingia katika mtaa mwembamba wa Princelet, unapita mahali palipokuwa na klabu ya ngumi ya Judean. Hapo ndipo mwaka 1909 kijana wa Kiyahudi aliyeitwa Gershon Mendeloff, mtoto wa fundi samani, alipopigana kwa ujira wa peni sita na kikombe cha chai. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ted "Kid" Lewis. Ninaishi mwendo mfupi kutoka mtaa huo, na kila ninapofikiria habari zake nawakumbuka mabondia wa kwetu Dar es Salaam, kwa sababu maisha yake yananionyesha jambo ambalo sisi tunaweza kulifanya lakini tunachelewa kulifanya.

Mwaka 1913, kabla hajatimiza miaka 20, alitwaa ubingwa wa Uingereza wa uzito wa unyoya, yaani wa mabondia wepesi. Baadaye alikwenda Australia, kisha Marekani, na tarehe 31 Agosti 1915 mjini Boston alimshinda Jack Britton kwa pointi akawa bingwa wa dunia wa uzito wa welter, ulio mzito kuliko ule wa unyoya. Wawili hao walipambana mara 20 hadi mwaka 1921, ubingwa ukitoka kwa huyu ukienda kwa yule na kurudi, mpaka Britton alipomwangusha kwa KO mwaka 1919 huko Canton, jimbo la Ohio. Kambi ya Britton ililalamikia sana kinga ya meno ambayo Lewis alitengenezewa na daktari wa meno wa London. Leo kinga hiyo ni sharti la kila pambano rasmi, na kijana wa Manzese anayeivaa ana deni kwa Myahudi wa Whitechapel, eneo hilohilo la mashariki mwa London, bila kujua.

Lakini sehemu inayonigusa zaidi ni ya baada ya ulingo. Alistaafu mwaka 1929, na miaka miwili baadaye alikubali kugombea ubunge wa Whitechapel kwa tiketi ya chama kipya cha Oswald Mosley, mtu ambaye muda si mrefu alianzisha chama cha kifashisti cha Uingereza. Lewis alijitenga naye alipotambua chuki yake dhidi ya Wayahudi. Wapiga kura wa mtaa uleule uliomzaa, waliokuwa wakimshangilia kwa miaka mingi, walimpa kura 154 tu. Nawaheshimu kwa hilo, kwa maana walimpenda bila kukubali kupotoshwa kwa ajili yake. Na alipozeeka hawakumlipiza: alimalizia maisha yake Nightingale House, nyumba ya wazee ya jamii ya Kiyahudi kusini mwa London, akafariki hapo tarehe 20 Oktoba 1970. Kibao cha buluu chenye jina lake kiko ukutani mwa nyumba hiyo.

Watu wengi wa nyumbani wakisikia habari kama hii husema kwamba Ulaya serikali inawatunza watu. Mimi sikubaliani nao. Nyumba ile haikuanzishwa na serikali. Ilijengwa na jamii ya Wayahudi wenyewe kwa michango yao, kama walivyojenga klabu za vijana wao walipokuwa maskini na wageni katika mji huu. Kwa hiyo tofauti kati yao na sisi haimo katika utajiri wa nchi peke yake, bali katika wakati ambao mchango unatolewa.

Sisi si wachoyo. Mtaani kwetu Temeke alikuwepo mzee mmoja aliyewahi kuvaa jezi ya timu ya taifa ya ngumi, ambaye uzeeni alilinda ghala usiku na jioni akiwafundisha watoto kwenye gunia la mchanga lililoning'inia kwenye mwembe. Alipougua, jirani zake walihangaika kupata hata nauli ya kumpeleka hospitali. Alipofariki, maturubai yalifungwa kuanzia asubuhi, sufuria za pilau zikapangwa uani, magari ya kukodi yakajaa waombolezaji, na daftari la rambirambi likaonyesha kiasi ambacho kingeweza kumtibu kwa muda mrefu. Nilichangia na mimi kutoka huku, na fedha zangu zilifika siku ya maziko.

Tunajua kushangilia pia. Mwezi Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomshinda Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya 2 mjini Birmingham, Watanzania wa Uingereza tulipigiana simu usiku kucha. Mwakinyo alikuwa kijana mwenye nguvu siku ile. Wale waliomtangulia, tangu Titus Simba aliyeleta medali ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 kutoka Edinburgh, walipigania heshima ya nchi katika zama ambazo ngumi hazikuwa na fedha.

Vikundi vyetu vya Watanzania hapa London tayari vina utaratibu wa kuchangia misiba, vina mweka hazina na vina akaunti benki. Nataka akaunti hizo zianze kulipa bima ya afya ya mabondia wazee ambao makocha wa mitaani wanawafahamu kwa majina na kwa nyumba wanazoishi, na ada hiyo ilipwe mwanzoni mwa mwaka, kabla ya mtu yeyote kuugua.